Kielelezo Kilichopakwa Vanishi

Bamkubwa wangu hakuruhusu mtu aondoke na kiti kabla hajakikalia. Na si kukikalia sekunde mbili halafu useme "kiko sawa, asante." Thubutu! Unakaa, unaletewa chai, unaimaliza, unaegemea nyuma, unajigeuza kushoto na kulia kama mtu aliyeingiliwa na siafu, ndipo anapokea pesa yako. Ndiyo maana mtaa mzima walimwita Kaa Kwanza. Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na Mamkubwa, na baadaye hakimu. Basi.

Nilikaa kwao miaka minne nikiwa nasoma, kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwao kuliko kwetu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, kuukuu, kuta nene kiasi kwamba madirishani paka alilala kwa urefu wake wote. Chini kulikuwa na duka la vitambaa. Juu tulikuwa sisi na muuguzi mmoja wa hospitali, ambaye kwa sababu ya zamu zake tulikuwa hatujui kama anaamka au ndiyo anaenda kulala, kwa hiyo tulimsalimia kwa tahadhari.

Chumba cha kazi cha Bamkubwa kilikuwa mwisho wa korido, na alikichagua kwa ajili ya dirisha. "Dirisha hili halina unafiki," alikuwa anasema, akiinua kiti juu na kukikagua kwa jicho moja. Harufu ya pale ninaijua mpaka leo nikifumba macho: gundi ikipata moto kwenye kopo, vumbi la mbao, vanishi, na redio. Najua redio haina harufu. Ile ilikuwa nayo.

Leo pale pamesimama jengo la vioo lenye lifti, na ndani ya lifti kuna sauti ya mwanamke inayokutangazia umefika ghorofa ya ngapi. Sisi tulikuwa na ngazi ya mbao yenye vidato kumi na vinne, na sauti ya mwanamke ilikuwa ya Mamkubwa. Akisikia tu mlango wa chini umelia anapaza sauti kutoka jikoni:

"Ruka cha tisa!"

Kidato cha tisa kilikuwa kimeoza. Shuleni kwetu vidato viliishia cha sita, kwa hiyo nilijiona nimesoma sana. Wote mle ndani tulikuwa na mwendo wetu mmoja wa kupanda: tap, tap, tap mpaka cha nane, kimya kidogo, halafu paa!, uko cha kumi. Kushuka hesabu inageuka, kinakuwa cha sita. Muuguzi alikuwa anakiruka huku anasinzia. Paka alikiruka. Wageni waliporuka vizuri mara ya kwanza tuliwapigia makofi.

Sasa fikiria huyo ni fundi. Mtu anayetengeneza viti vya watu wengine tangu asubuhi, na kila siku anavuka juu ya ubao mbovu ambao angeweza kuubadilisha kabla maji ya chai hayajachemka. Alikwenda kwa mwenye nyumba mara ya kwanza, akaambiwa tutaangalia. Mara ya pili akaambiwa tumeangalia. Mara ya tatu akasema, "Basi niachie nikitengeneze mwenyewe, bure, mbao ninazo."

Mwenye nyumba, bwana mmoja mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona, akamjibu, "Fundi, mkataba wako unasemaje? Mpangaji hagusi chochote. Leo utagonga msumari, kesho utaniambia nikupunguzie kodi. Nyumba yangu usiiguse."

Basi hakuigusa. Miaka mitatu. Nilikuwa namwona akifika pale anakitupia jicho kile kidato, anameza mate, anaruka.

Siku ya tukio alikuwa anashusha kiti cha mikono, kile kizito cha mteja wa benki, amekibeba kifuani. Huoni miguu yako ukibeba kiti namna hiyo. Unahesabu tu. Na alikuwa anahesabu vizuri kwa sauti, sisi tulimsikia: moja, mbili, tatu, nne, tano...

Chini mlango ukalia. Muuguzi anatoka zamu.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, mwanangu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa ya sita.

Ubao ulikatika kwa sauti kama mtu amevunja muwa. Bamkubwa akaenda chini na kiti chake, na kwa kuwa alikuwa ni yeye, angani kule alikigeuza kiti kikaja juu na yeye akawa chini. Nilipofika, muuguzi amepiga magoti, ameshika ule mkono wa kulia bila hata kuutikisa, analia na kufanya kazi kwa pamoja. Na Bamkubwa, jasho limemtoka, kifundo cha mkono kimeelekea kusikoeleweka, anauliza:

"Kiti kimekwaruzika?"

"Hakijakwaruzika, Bamkubwa."

"Miguu yote minne?"

"Yote minne."

"Haya. Nipelekeni hospitali."

Mfupa uliunga, lakini mkono haukurudi. Vidole viwili vilibaki vimekaza na kifundo kilikataa kugeuka. Na mtu wa randa ni kifundo. Alijaribu mara moja, randa ikaruka ikaanguka chini, na tukajifanya sote tuko bize na mambo mengine. Mamkubwa akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Wateja walikuja, wakakuta viti vyao vilevile, wakasema pole Fundi, wakaondoka navyo. Redio ikawa inaongea peke yake.

Mwenye nyumba alikuja siku ya tatu na mfuko wa machungwa. Nilimfungulia mimi. Akakaa, akasema pole, funguo zikasema pole, halafu akatoa lile neno lililotupeleka mahakamani.

"Ila Fundi, na wewe ulipaswa kuruka. Kila mtu anajua kile kinarukwa."

Bamkubwa akautazama ule mfuko wa machungwa. Mgeni alipoondoka, Mamkubwa akachukua chungwa akaanza kulimenya, na Bamkubwa akamwambia, "Liache hilo."

"Chungwa lina kosa gani?"

"Mama, kwa hiyo ni mimi? Nimedondoka kwa uzembe wangu mimi? Nimemwambia mara tatu!"

"Mimi nimesema?"

"Nataka mtu aseme si kosa langu. Mtu mwenye muhuri. Si wewe, wewe ni mke wangu, utasema tu."

"Wala usiwe na uhakika sana," alisema Mamkubwa, na akaendelea kumenya.

Sasa, wateja wa Bamkubwa walikuwa wa kila namna, na mmoja alikuwa wakili. Binti mdogo hivi, miwani mikubwa, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la dawa, mafaili mpaka chini ya meza. Kiti chake cha kuzunguka kilishawahi kutengenezwa kwetu, na alikikalia chai nzima bila kulalamika, kwa hiyo Bamkubwa alimheshimu. Tulikwenda watatu. Alitusikiliza mpaka mwisho akizungusha kalamu.

"Mzee, hii inaitwa kesi ya madai," akasema. "Hatumpeleki jela mtu. Tunasema hivi: mwenye nyumba ana wajibu wa kuhakikisha ngazi yake haimuumizi anayepita. Alijua ni mbovu. Hakuitengeneza. Wewe umeumia kwa sababu hiyo. Basi alipe: matibabu, kazi uliyoikosa na utakayoikosa, na maumivu."

"Maumivu nayo yanalipwa?"

"Yanalipwa."

"Wanayapimaje? Kwa kilo?"

"Mzee, hata sisi mawakili tunajiuliza." Akacheka. "Ila kumbuka, anayedai ndiye anayethibitisha. Mnao ule ubao?"

Hapo Mamkubwa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameleta seremala kesho yake asubuhi baada ya ajali, kikawekwa kidato kipya cheupe kama jino la bandia, na ule ubao wa zamani ukatupwa uani. Mamkubwa alishuka na beseni la nguo, akaufunika na shuka, akapanda nao. Ukawa chini ya kitanda chao.

"Mama, wewe ni jasusi," wakili akamwambia. "Ulinde kama yai. Huo ndio kielelezo chetu. Umepiga picha?"

Mamkubwa akatoa simu. Simu za wakati ule zilikuwa na kamera za kukufariji tu. Ile picha ungesema ni mamba amelala kwenye matope.

"Tutatumia ubao wenyewe," wakili akasema.

Kesi ikafunguliwa. Na wewe ambaye hujawahi kufungua kesi unadhani unafungua kesho unahukumiwa keshokutwa. Tuliahirishwa. Hakimu ana semina. Tukaahirishwa. Faili halionekani. Faili likaonekana, wakili wa mwenye nyumba akawa amesafiri. Akarudi, umeme ukakatika. Kila mara Bamkubwa anavaa koti lake la sherehe, anakwenda, anarudi, analitundika. Miezi kumi na minne. Koti lilichakaa kwa kuahirishwa.

Na muda wote huo mtu huyu hana kazi ya kufanya, na chini ya kitanda chake kuna ubao uliovunjika.

Mwanzoni alikuwa anauvuta "kuutazama tu". Nilimkuta mara mbili mchana, amekaa sakafuni, ubao mapajani, anaupapasa. Nikadhani ni huzuni. Baadaye nikawa narudi shuleni nakuta mlango wa chumba cha kazi umefungwa na redio iko juu, na nikafurahi, nikasema ndani ya moyo angalau anajaribu. Mamkubwa naye akafurahi. Tulifurahi kama wapumbavu wawili.

Siku ya kusikilizwa ilipofika kweli, tulienda wote. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, mabenchi marefu, feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, yaani ile sauti ambayo unainama mbele ili usikie. Mwenye nyumba alikuwa na wakili wake, kaka mmoja amenyooka, viatu vinang'aa, harufu ya manukato imefika kabla yake.

Muuguzi alitoa ushahidi kwanza. Akaeleza kuwa na yeye aliwahi kulalamika kuhusu ngazi. Akaeleza ile salamu, na alipofika kwenye "marahaba" akalia tena, miezi kumi na minne baadaye, na Bamkubwa kutoka kwenye benchi akamwambia, "Aa, mwanangu, salamu ni salamu," na karani akamwambia anyamaze.

Halafu zamu ya Bamkubwa. Wakili wetu akasema kwa kujiamini, "Mheshimiwa, naomba mdai atuoneshe ubao wenyewe, ili mahakama ione hali yake."

Bamkubwa akaweka furushi mezani. Akafungua shuka taratibu, upande mmoja, upande wa pili.

Jamani.

Ubao ulikuwa mzima. Si mzima tu, ulikuwa mzuri. Umepigwa msasa mpaka unateleza, ufa umeungwa, kingo zimeviringishwa, na umepakwa vanishi, mara mbili, labda tatu. Feni ya juu ilionekana ndani yake ikizunguka.

Wakili wetu alifungua mdomo, na mdomo ukabaki hivyohivyo. Mamkubwa pembeni yangu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, kama birika linapoanza kuchemka.

Yule kaka wa manukato alisimama polepole. Alikuwa anaonja ile hali.

"Mheshimiwa, huu ndio ubao uliooza? Huu? Mheshimiwa, ni mzuri kuliko meza yangu ya chakula." Watu wakacheka. Akamgeukia Bamkubwa. "Mzee, nani ameufanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe. Mwenye mkono uliokufa. Mkono ambao unadai hauwezi tena kazi, na unataka mteja wangu aulipe."

Bamkubwa akatazama ubao, akamtazama wakili wetu, na nadhani ndipo alipoelewa. Nilimwona akielewa. Uso ulimshuka kama mtu aliyeona basi lake linaondoka na mzigo wake ndani.

Hakimu akavua miwani.

"Mzee, hebu nieleze. Kwa nini umetengeneza kielelezo chako?"

"Mheshimiwa..." Akakohoa. "Mheshimiwa, ningekujaje mbele yako nimebeba kitu kibovu? Mimi ni fundi. Wangesema nini, kazi yake ndiyo hii?"

Kicheko kingine. Hakimu hakucheka.

"Endelea."

"Miaka mitatu nimeuruka nimeambiwa usiguse. Halafu ukaja kukaa chini ya kitanda changu. Mheshimiwa, nalala na kitu kilichovunjika chini yangu, na nyundo ninayo. Nilisema niubane tu pale kwenye ufa usiendelee. Nikaubana. Sasa ukishabana ufa, upande wa pili unaonekana mbaya..."

"Umeutengeneza kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Imekuchukua muda gani?"

"Hii ni kazi ya asubuhi moja, Mheshimiwa." Akaupapasa ubao. "Imenichukua miezi mitano."

Kicheko kiliisha palepale. Hata feni nilihisi imetulia. Akaunyoosha ule mkono wa kulia juu ya meza, bila kuombwa, na vidole viwili vikabaki vimejikunja kama vinashika kikombe ambacho hakipo.

"Na ubao uugeuze," akasema. "Samahani, Mheshimiwa. Mwambie karani augeuze."

Karani akaugeuza. Upande wa chini haukuwa na vanishi. Viraka vya mbao mpya vilionekana wazi, vyeupe kwenye ubao mweusi, na juu yake maandishi ya penseli, yamepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza, maana ni ya mkono wa kushoto.

"Upande wa juu ni wa mteja," Bamkubwa akasema, "wa chini ni wa fundi atakayekuja baada yangu. Huwa naandika nilichokikuta, asije akahangaika."

Hakimu akausogeza karibu akasoma kwa ile sauti yake ya chini: "Mchwa, shubiri moja. Ufa wa zamani, umejazwa karatasi na kupakwa rangi. Misumari sita, iliyoshika ni miwili." Na chini yake tarehe.

"Mheshimiwa, napinga!" kaka wa manukato akaruka. "Ameandika mwenyewe! Angeweza kuandika hata kwamba alikuta simba!"

"Ni kweli," hakimu akasema. Kisha akafikiri, akigonga meza kwa kidole. "Ngazi bado ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa," mwenye nyumba akajibu kwa haraka, anajivunia. "Na nimeipaka rangi juzi tu."

"Basi twende tukaione."

Wiki iliyofuata mahakama ilihamia kwetu. Mamkubwa alikuwa amepiga deki korido nzima na kuvaa kama anaoza binti. Hakimu, karani, mawakili wawili, mwenye nyumba na funguo zake, muuguzi ametolewa usingizini, wauza vitambaa wamejaa mlangoni. Ngazi ilikuwa imepakwa rangi ya kahawia, imetulia kama mwanafunzi mtukutu mbele ya mwalimu mkuu.

"Mzee, niambie unachokiona," hakimu akasema.

Bamkubwa hakuangalia. Alipiga goti, akaanza kugonga kila kidato kwa kifundo cha kidole cha kushoto, sikio karibu. Koh. "Mzima." Koh. "Mzima." Puf. "Huu umeondoka." Koh. Puf. "Huu na wenyewe unajiandaa."

Hakimu akainama akagonga na yeye. Koh. Puf. Alipogonga mara ya tatu nikaona ameanza kuupenda mchezo. Akamwambia kaka wa manukato, "Wakili, na wewe gonga," na kaka akapinda suruali yake iliyonyooka, akagonga. Puf. Akajipangusa goti.

"Cha tisa kinasikika kipya," hakimu akasema.

"Ni kipya, Mheshimiwa," mwenye nyumba akasema. "Nilikibadilisha mara moja, siku iliyofuata. Mimi si mtu mbaya."

"Seremala alichukua muda gani?"

"Aa, kitu kidogo tu kile. Hata nusu saa haikufika."

Aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Hakimu alimtazama karani tu, na karani akaandika. Kalamu ilisikika mpaka juu nilipokuwa nimekaa. Wakili wetu aligeukia ukutani akawa anasoma tangazo la zamani la maji lililobandikwa pale, mabega yanamcheza.

Ule wakati naukumbuka kuliko hata hukumu. Sote tuko kwenye ile ngazi, kila mtu na kidato chake kama picha ya darasa, Mamkubwa juu na birika anauliza nani anakunywa bila sukari, karani anasema mahakama hainywi chai eneo la tukio, hakimu anasema wakati wa mapumziko mahakama hunywa. Jua la lile dirisha la mwisho wa korido limefika mpaka kwenye kofia ya muuguzi. Kama kuna mtu alipiga picha, naomba aitume kwenye grupu la familia, hata kama ni ile ya mamba.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata, kurasa kumi na moja. Nilielewa kama tatu. Lakini hizi nilizielewa: kwamba katika kesi ya namna hii mahakama haitafuti uhakika wa asilimia mia, inatafuta ni maelezo ya nani yanaelekea kuwa kweli, kwamba mwenye nyumba alikuwa na wajibu na alikuwa na taarifa, kwamba kilichochukua nusu saa kilisubiriwa miaka mitatu, kwamba kumkataza fundi asitengeneze na kisha kumlaumu kwa kuanguka ni jambo ambalo mahakama "inashindwa kulielewa". Alipe. Matibabu, kipato, na yale maumivu, ambayo kumbe yana namba.

Mamkubwa alinishika mkono mpaka ukaingia ganzi.

Halafu ikaja aya ya mwisho. Kwa kuwa mdai mwenyewe alijua hali ya kidato kile na akaendelea kukitumia, huku amebeba mzigo unaomziba macho, mahakama inapunguza fidia kwa asilimia ishirini.

Nje kulikuwa na benchi chini ya ubao wa matangazo. Wakili wetu alikuwa anarukaruka na viatu vya visigino, faili kifuani, anasema, "Mzee, tumeshinda! Na kielelezo kilivyong'aa vile, tumeshinda!"

Bamkubwa alikuwa amekaa na koti lake la sherehe.

"Hiyo ishirini ni ya nini?"

"Ni kawaida, mzee. Wanasema na wewe ulichangia kidogo."

"Nilichangia nini? Nilijibu salamu!"

"Anza sasa," Mamkubwa akasema.

"Kwa hiyo nisingejibu? Mtu ameniamkia!"

"Mzee, tunaweza kukata rufaa kwa hiyo ishirini," wakili akasema taratibu, "ila ni miezi mingine."

"Hukati kitu," Mamkubwa akamwambia wakili. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe mzee, ulitaka mtu mwenye muhuri. Muhuri huu hapa, umepigwa, tena wa duara. Unataka na wimbo?"

Bamkubwa akamwomba wakili amsomee tena ile aya. Akasomewa. Akaomba tena. Ya tatu niliisoma mimi, kwa kuwa wakili alikuwa amepigiwa simu, na niliisoma polepole, na alikuwa anasogeza midomo pamoja nami. Nilipofika kwenye "akaendelea kukitumia" akaninyanyulia ule mkono wa kulia, ulivyo, na vidole vyake viwili.

"Subiri hapo."

Nikasubiri. Watu walikuwa wanapita na mafaili yao.

"Miaka mitatu," akasema. "Naambiwa usiguse, narudi naruka. Na nikawafundisha wote mle ndani kuruka. Mpaka paka." Akapapasa goti. "Mara ya kwanza tu ningekaa pale pale kwenye kile kidato, nimzibie njia, nimwambie sitoki hapa mpaka kitengenezwe. Ningekaa. Mimi! Si ndiyo kazi yangu kukalisha watu?"

Mamkubwa alimnyooshea kola ya koti, ambayo haikuwa imepinda.

Wakili akarudi, simu mkononi. "Vipi, mzee, tumeamua?"

"Hiyo ishirini ni yangu," Bamkubwa akasema. "Themanini ni yake. Andika nimekubali."

"Haiandikwi, mzee. Ukinyamaza tu inatosha."

"Mwanangu, nimenyamaza sana. Wewe andika."

Basi akatoa kalamu, akageuza jalada la faili upande wa ndani, akaandika.